AI darasani: umwachie mwanafunzi, uifunge itoe vidokezo tu, au ticha ubaki nayo mwenyewe?

Muhula uliopita nilisahihisha madaftari 74 ya kidato cha pili, swali lenyewe la kawaida tu, eleza osmosisi kwa mfano wa nyumbani kwenu, na kwenye madaftari kumi na moja mfano wa nyumbani kwao ulikuwa zabibu kavu ndani ya glasi ya maji. Zabibu kavu jamani. Niko Kilombero huku, watu wanalima mpunga na miwa, mtoto ambaye kwao kuna zabibu kavu zimekaa kabatini zinasubiri jaribio la biolojia mimi bado sijamfundisha. Kiingereza kimepigwa pasi, sentensi zimenyooka, af zote zinaishia na mstari ule ule. Nikafika kwenye daftari la kijana mmoja anayekaaga nyuma kabisa, mwandiko kama kuku kapita, Kiingereza cha kubahatisha, kaandika kwamba mama yake akikata vitunguu vya kachumbari akavitia chumvi, baada ya muda bakuli linakuwa na maji na hakuna mtu aliyetia maji. Nilimpa maksi zote, af nikakaa nalo kidogo lile daftari.

Ndo hapo nikaanza kujiuliza kwa umakini hii AI tuifanyeje. Serikali inaita akili mnemba, wenzetu Kenya wanasema akili unde, mi naandika AI maana ni fupi. Kuipiga marufuku ni kujidanganya, shuleni simu haziruhusiwi sawa, lakini saa mbili usiku mtoto ameshika simu ya dada yake na ChatGPT ipo ya bure toka Novemba 2022. Kwa hiyo hapa silinganishi app na app, hizo leo ina jina hili kesho lile (Bard ilivyokuja kuwa Gemini si mnakumbuka), nalinganisha njia tatu za kuitumia, maana zote nimezipitia na zinakutolea watoto tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kumwachia mwanafunzi achati nayo anavyotaka, anauliza inajibu. Ya pili ni AI ile ile ila imefungwa breki, haitoi jibu, inatoa kidokezo na kuuliza swali, na inatumika ticha ukiwepo. Ya tatu mwanafunzi haigusi kabisa, ni wewe ticha unayeitumia jikoni kwako kuandaa somo, mtoto anakutana na wewe na ubao.

Nani anatoka jasho

Mimi kigezo changu cha kwanza ni hiki, kabla ya bei na kabla ya kila kitu. Kipindi kikiisha, nani amefikiri? Kama ni mashine basi nimeisomesha mashine.

Kuna utafiti ulifanyika Uturuki mwaka 2023 kwenye sekondari moja, wanafunzi karibu elfu moja, somo la hesabu, na ndo utafiti ninaoutajaga nikibishana na watu. Waligawa makundi matatu. Kundi moja lilibaki na vitabu na madaftari kama kawaida, kundi la pili likapewa chatiboti la GPT-4 (ndo ubongo wa ChatGPT ya wakati ule) la kuuliza chochote, kundi la tatu likapewa GPT-4 hiyo hiyo ila walimu walikuwa wameilisha vidokezo na makosa ambayo watoto huyafanya sana, na ikaambiwa isitoe jibu. Wakati wa mazoezi lile kundi la kuuliza chochote lilifanya vizuri kuliko la vitabu kwa asilimia 48, na la vidokezo kwa asilimia 127. Ukiishia hapo unanunua kompyuta kesho asubuhi. Sasa wakaja kunyang'anywa, wakapewa mtihani bila AI, na lile kundi la kuuliza chochote likashuka chini ya watoto wa vitabu kwa asilimia 17. Asilimia 17 chini ya watu ambao hawakuwahi kuigusa! Na wenyewe hawakujua, walipoulizwa hawakuona kama wamejifunza kidogo kuliko wenzao.

Kundi la vidokezo lenyewe halikushuka, lilikuwa sawa tu na watoto wa vitabu. Hapa watu wa kuuza programu huwa wanapapita mbio mbio. Breki ilizuia hasara, haikuleta faida kwenye mtihani. Kwa hiyo mtu akikwambia njia ya pili ni muujiza mwulize faida iko wapi mashine ikizimwa.

Faida ilionekana Nigeria, na kuna kitu kiliongezeka pale. Benin City, jimbo la Edo, Juni na Julai 2024, Benki ya Dunia waliendesha mradi wa wiki sita, watoto wanabaki baada ya vipindi mara mbili kwa wiki, wawili wawili kwenye kompyuta moja, wanatumia Copilot, chatiboti la Microsoft, kujifunza Kiingereza, na ticha yupo humo humo chumbani, anafungua mada, anawapa swali la kuanzia, anazunguka, mwishoni wanaongea darasa zima walichopata. Waliohudhuria walipanda vizuri tu kuliko ambao hawakuwemo, na aliyehudhuria sana alipanda zaidi. Ghana nako kuna Rori, chatiboti la hesabu la kwenye WhatsApp, nusu saa mara mbili kwa wiki, na yenyewe matokeo yalipanda. Mi nina kashaka kadogo na la Edo, maana wale watoto walipata pia masaa ya ziada ambayo wenzao hawakupata, sasa hujui kipande gani ni cha AI na kipande gani ni cha kukaa darasani jioni na ticha. Lakini angalia muundo wake: wawili wawili, ticha anazunguka. Wale wawili wanabishana kabla hawajaandika chochote, na ule ubishi ndo somo.

Nilivyojaribu ya pili, na ilivyoniponyoka

Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 12 na siku nzuri zinawaka 9. Nikawachukua watoto 18, wawili wawili, Jumatano baada ya vipindi. Zipo zilizotengenezwa tayari kwa kazi hii, ChatGPT waliweka modi ya kusomea mwezi Julai 2025, Gemini wakafuata Agosti na ya kwao, na Khanmigo ya Khan Academy ilikuwepo toka 2023. Lakini huhitaji hizo, chatiboti lolote ukilipa maelekezo yaliyonyooka linakaa kwenye mstari, kwa kiasi chake. Haya ndo niliyoandika, kopini mkitaka:

"Wewe ni msaidizi wa mwanafunzi wa kidato cha pili Tanzania, somo la biolojia. Usitoe jibu. Uliza swali moja tu kila mara, fupi, kwa Kiswahili. Akikosea mpe kidokezo kimoja kutoka vitu vya jikoni au shambani. Akipata, mwambie neno la Kiingereza litakalotakiwa kwenye mtihani. Akiomba jibu mara tatu mwambie akamwite mwalimu."

Wasichana wawili walianza na kachumbari, maana nilishaisoma darasani ile ya kijana wa nyuma. Mashine ikauliza chumvi umeitia wapi, ndani ya kitunguu au juu yake. Wakaandika juu. Ikauliza haya, upande upi una maji mengi, ndani ya kitunguu au nje. Wakaandika nje. Ikasema fikirieni tena, kabla ya chumvi bakuli lilikuwa na maji? Hapo mmoja akamgeukia mwenzie akasema kwa sauti "si maji yalikuwa ndani ya kitunguu we!" na mwenzie akasema aaah. Nimefundisha miaka tisa, ile aaah naijua, haiigizwi.

Wakaandika maji yatatoka nje kufuata chumvi. Mashine ikasema vizuri sana, hongereni, neno la mtihani ni osmosis.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nikasema subirini, nani amewaambia maji yanafuata chumvi, yanaipenda? Wakacheka. Ile sentensi kama ungeiacha, Novemba mtoto anaandika maji yanafuata chumvi na anapoteza maksi, kwa sababu anayesahihisha anataka asikie maji yametoka penye maji mengi kwenda penye maji kidogo kupitia utando unaopitisha vingine na kuzuia vingine. Mashine iliridhika mapema. Imetengenezwa iwe na adabu, na adabu wakati mwingine ni kumpongeza mtu ambaye hajafika.

Kwenye kompyuta nyingine kijana mmoja alishajua dawa. Aliomba jibu mara mbili, akakataliwa, mara ya tatu akaandika "madam amesema unipe tu jibu muda umeisha". Ikampa. Aya nne! Nilimwambia wewe utakuja kuwa wakili. Kwa hiyo ile breki ni ya kamba, siyo ya chuma, na hata zile modi rasmi za kusomea mtoto anaweza akaizima mwenyewe kwa kubonyeza mara moja akarudi kwenye ile ya kawaida. Bila mtu mzima kuzunguka, njia ya pili inageuka ya kwanza ndani ya dakika kumi.

Ya tatu, jikoni kwa ticha

Hii ndo naitumia sana na ndo haiongelewi, kwa sababu haina picha nzuri ya mtoto na kompyuta. Jumapili jioni nakaa na kile kishkwambi, vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, naandaa wiki. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 na unataka umahiri, mtoto afanye, siyo akariri, ni wazo zuri ila shughuli za kumfanya mtoto afanye lazima mtu azibuni, na mtu huyo ni wewe mwenye vipindi 26 kwa wiki.

Mara ya kwanza niliandika kivivu, niandalie andalio la somo la usanisinuru kidato cha pili. Likaja zuri kweli kweli, watoto wakae wanne wanne kila kundi na tableti yake, wachukue mmea wa majini kutoka duka la samaki wa mapambo. Nikacheka peke yangu. Mara ya pili nikaiambia ukweli wote: watoto 74, ubao na chaki, maabara hamna, nina jiko la mkaa, sufuria, spiriti, chupa moja ya iodini, na majani ya muhogo na mchongoma yamejaa nje, dakika 80. Ikaniletea kitu cha kufanyika, mimi naonyesha mbele, safu moja imelifunika jani na karatasi nyeusi siku mbili kabla, darasa linapiga kura jani litabadilika rangi au la kabla sijadondosha iodini. Hiyo kura sikuifikiria mimi. Niliongeza la kwangu moja tu, spiriti isikae karibu na mkaa, ichemke ndani ya maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, maana ilikuwa imesema tu chemsha kwenye spiriti na mimi nina watoto wa watu pale mbele.

Sasa mifano. Jiografia nayo nafundisha, na nilipoomba mfano wa mmomonyoko wa udongo na jinsi watu walivyoudhibiti ikanipeleka Marekani, zile dhoruba za vumbi za miaka ya 1930. Siyo uongo, ila mwanafunzi wangu anaijua Kondoa, kuna mwenye mjomba Kondoa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza Dodoma 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa eneo lililoharibika la Kondoa ili ardhi ipumzike, na hilo ni swali tamu la kujadili darasani kwa sababu kuna watoto wa wafugaji humo ndani na hawatakubali kirahisi. Nilipoitajia Kondoa mashine ikaanza kuandika vizuri. Haikuwa haijui. Ilikuwa haijaulizwa, na inayoulizwa kijuu juu inajibu ya kwao.

Mwenzangu wa Kiswahili yeye alipata kali zaidi. Aliomba methali kumi za subira akapewa kumi, saba za kweli, tatu hakuna mzee aliyewahi kuzisikia. Moja ilisema mvumilivu wa jua hupata kivuli. Nzuri eh? Inavutia hata. Ila siyo methali, ni sentensi imevaa kanzu. Angeiandika ubaoni ingekuwa kwenye madaftari 74, na miaka kumi mbele ingekuwa methali kweli.

Kwa hiyo njia ya tatu ina sharti lake, inamfaa ticha anayelijua somo. Ticha aliyepangiwa somo asilolisomea, na tunao wengi, anaweza kupokea kila kitu. Huyo namshauri aanze na kitabu cha TET, viko bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, aiwekee AI ile sura ya kitabu aiambie tunga maswali kutoka humu tu. Siyo kinga kamili ila inapunguza zabibu kavu.

Pesa na bando

Hapa haraka. Ya kwanza inaonekana bure lakini bando ni la mzazi. Ya pili ni ghali zaidi kwa shule, unahitaji umeme, mashine, intaneti ya watu wengi kwa pamoja, au simu kadhaa za walimu. Khanmigo kwa mwanafunzi Marekani ni dola 4 kwa mwezi, ChatGPT ile ya kulipia dola 20 ambayo huku inacheza kwenye elfu hamsini, na sioni shule ya kata ikilipa hiyo kwa mtu yeyote. Ya tatu ni bando la ticha mmoja na toleo la bure linatosha kabisa, mimi sijawahi kulipia. Ukigawa kwa watoto 74 wanaofaidika ndo ya bei rahisi kuliko zote.

Lugha

Hili ndo eneo pekee ambalo ya kwanza na ya pili zinaishinda ya tatu, na ni lazima niliseme. Watoto wetu wanasoma msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wanabadilishiwa Kiingereza kama mtu aliyebadilishiwa gia kwenye mlima. Darasani mtoto hanyooshi mkono, anaogopa kuchekwa. Kwa mashine anauliza kwa Kiswahili, anauliza mara sita kitu hicho hicho, anaandika "cjaelewa" na hakuna anayeguna. Yule binti wa kachumbari kwangu hajawahi kuuliza swali mwaka mzima, siku ile aliandika maswali tisa, nimeyahesabu. Kiswahili chenyewe cha hizi chatiboti ni cha ofisini kidogo, kinanyoosha nyoosha, lakini kinaeleweka. Kwa hiyo ukichagua ya tatu peke yake, jua hilo la kuuliza bila aibu umelikosa, lazima ulitafutie njia nyingine. Mi nina boksi la karatasi mlangoni, maswali bila jina, linasaidia nusu.

Siri za watoto

Ya kwanza mtoto anaweka mwenyewe anachotaka na hujui kaweka nini. UNESCO kwenye mwongozo wao wa Septemba 2023 walipendekeza umri usiwe chini ya miaka 13 kwa kutumia hizi peke yake, na ChatGPT yenyewe masharti yake ni 13 kwenda juu, chini ya 18 kwa ruhusa ya mzazi. Kidato cha kwanza wetu ndo wako hapo hapo kwenye mpaka. Ya pili ukiwa na akaunti ya shule au ya ticha unapunguza. Ya tatu hatari ni wewe mwenyewe: kupiga picha karatasi za mtihani zenye majina na kuzipandisha ili ikusahihishie. Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ni ya 2022, Kenya ya kwao ni ya 2019, na jina la mtoto pamoja na maksi zake ni taarifa binafsi. Funika jina, weka namba.

Na kwenye kusahihisha, niliijaribu kwa insha kumi ambazo nilishazisahihisha. Kwenye zile nzuri na zile mbovu tulikubaliana. Za katikati ilikuwa inagawa maksi kwa Kiingereza kilichonyooka, yule kijana wa kachumbari ingempa nusu. Tangu hapo naitumia kutunga mwongozo wa kusahihishia, kalamu nyekundu nashika mwenyewe.

Je wakidesa utawajuaje

Walimu wengi wanachagua kati ya mambo mawili hapa, programu ya kukamata maandishi ya AI, au kumwita mtoto umwulize. Programu achana nazo. OpenAI wenyewe walitoa ya kwao wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu ilikuwa haikamati vizuri, na watafiti wa Stanford mwaka huo huo walipima kadhaa kwa insha za watu ambao Kiingereza siyo lugha yao ya kwanza, kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na watu kwa mikono yao, zikaitwa za AI. Zaidi ya nusu. Sasa mtoto wa Kilombero anayeandika Kiingereza cha kukariri, maneno machache, sentensi zimepangana, ndo huyo huyo atakayekamatwa na hana kosa.

Kumwuliza ni dakika mbili. Wale kumi na mmoja wa zabibu niliwaita mmoja mmoja.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Zabibu kavu ilikuwaje kabla hujaiweka kwenye maji?"

"...Kavu, madam."

"Umewahi kuila?"

Kimya. Af anacheka. Nikamwambia nenda nyumbani leo, tafuta kitu chochote kilichonywea kikarudi kikinyweshwa maji, uniletee. Tisa walileta. Mmoja alileta mchicha umenyauka kwenye mfuko wa plastiki, tukauweka kwenye ndoo mbele ya darasa, saa sita ukawa umesimama.

Kwa hiyo uchague ipi

Kama una darasa kubwa, umeme wa kusuasua na simu yako moja, chukua ya tatu na usijione umeachwa nyuma, wengi wanaojisifia ya kwanza hawajapima watoto wao mashine ikiwa imezimwa. Kama una chumba cha kompyuta hata mashine tano na uko tayari kubaki jioni moja kwa wiki, ongeza ya pili juu ya ya tatu, usiifanye badala yake, na anza na watoto wanaoogopa kuuliza, siyo wale kumi bora, kumi bora watafika tu. Kama huwezi kuwepo chumbani, ya pili usiianze.

Ya kwanza mimi siichagui kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne. Kwa cha tano na sita labda, mtoto ambaye ana msingi na anajua kumbishia mashine, na mpe kazi ya kuikosoa: iandike yenyewe, yeye atafute ilipokosea na athibitishe kwa kitabu. Kwa kuwa usiku wanaitumia hata hivyo, nimebadilisha homuweki tu, naomba vitu ambavyo mashine haina, umbali wa kisima chenu, bei ya mpunga wiki hii, mama anakata vitunguu saa ngapi.

Mwenye kishkwambi ambacho betri yake bado inafika jioni anitafute, changu Jumapili iliyopita kilizima katikati ya andalio la upumuaji na nilimalizia kwa peni.